Hikama au klementini: Miezi sita au miaka saba?

Na Mwandishi Wetu

WAKULIMA wengi wakisikia zao jipya huuliza bei yake sokoni kabla ya kitu kingine. Swali hilo ni halali, lakini lipo jingine ambalo mwenye ekari moja na akiba ndogo hana budi kulitanguliza: fedha niliyoizika ardhini itarudi lini?

Swali hilo ndilo linalotenganisha mazao mawili tunayoyaangalia leo. La kwanza ni hikama, mmea utambaao wa jamii ya kunde unaozaa kiazi cheupe kinacholiwa kibichi, asili yake Meksiko na Amerika ya Kati. La pili ni klementini, aina ya chenza dogo, tamu, lisilo na mbegu, ambalo lilianzia Algeria na leo ni biashara kubwa kwa wakulima wa Hispania na Moroko.

Kwa sura hayana undugu wowote. Moja huchimbwa, jingine huchumwa. Hata hivyo, hukutana Meksiko kila Desemba, watu wanapojaza matunda na vitafunwa ndani ya piñata, kile chombo cha kuning'inizwa ambacho watoto hukipiga kwa fimbo mpaka kipasuke. Humo hutiwa karanga, vipande vya miwa, hikama na machenza. Mchuuzi wa huko anayajua yote mawili kama mali ya msimu mmoja. Mkulima wake, kwa upande mwingine, ana kalenda mbili tofauti kabisa.

Kiazi kinachopenda mchanga

Hikama, ambayo kitaalamu huitwa Pachyrhizus erosus, hupandwa kwa mbegu. Haihitaji kitalu wala kubebesha. Mbegu hulowekwa usiku mmoja, kisha huwekwa ardhini mvua zinapoanza, kwenye udongo wa kichanga au tifutifu usiotuamisha maji. Udongo wa mfinyanzi haufai. Kiazi hukua kwa shida, hupinda, na mvua ikizidi huoza kabla hujakiona.

Nafasi hutegemea ukubwa wa kiazi unaotaka. Ukipanda kwa sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 20 kati ya shina na shina, ekari moja huchukua karibu mimea 27,000. Chukulia kwamba mimea 20,000 tu ndiyo imefika mavuno na kila mmoja umetoa kiazi cha nusu kilo: hizo ni tani 10. Hayo ni mahesabu ya kwenye karatasi, si ahadi, lakini yanaonesha kwa nini zao hili huvutia. Pia yanaonesha balaa la kuvuna tani 10 za kitu ambacho hakuna jirani anayekijua. Tutarudi huko.

Kwa kuwa ni jamii ya kunde, hikama hujitafutia naitrojeni kwa msaada wa bakteria wa mizizini, hivyo haidai mbolea nyingi ya chumvichumvi. Ukiizidishia urea utapata majani mengi na kiazi kidogo.

Kazi yake kubwa ni maua. Mmea ukianza kuchanua, mkulima wa Meksiko hupita shambani kukata maua yote kabla hayajafunga mbegu, na hurudia kila yanapochipua tena. Asipofanya hivyo, chakula kinachotengenezwa na majani huishia kwenye maganda ya mbegu na kiazi kinabaki kama ngumi ya mtoto. Mashina machache tu huachwa yachanue kwa ajili ya mbegu za msimu ujao. Hapo ndipo gharama ya vibarua ilipo, na anayepanga bajeti asiisahau.

Kuna jambo moja ambalo wenzetu wa mbali na ikweta wanatuonea wivu. Hikama hujaza kiazi siku zinapokuwa fupi. Huko Texas na California, ambako mchana wa kiangazi ni mrefu, mmea hukaa miezi mingi ukiota majani tu, na baridi inaweza kuuwahi kabla haujajaza kiazi. Kwetu mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima. Kinachopanga msimu ni mvua, si jua. Ndiyo maana katika nchi za joto mavuno huweza kuanza baada ya miezi mitano au sita, wakati kwenye baridi hufika hata tisa.

Kiazi kilichokomaa kinaweza kuachwa ardhini kwa muda mkulima akisubiri mnunuzi, mradi udongo uwe mkavu. Kikikaa sana hupasuka na kuwa na nyuzi. Kikishachimbwa, kisioshwe wala kuchubuliwa. Kiwekwe pakavu penye hewa, kwenye nyuzi joto kati ya 12 na 15, nacho hudumu miezi miwili au zaidi. Jokofu ni adui. Chini ya nyuzi 10 kiazi hupata madoa ya kahawia ndani na kuoza.

Ile mbegu ni sumu

Hapa tunaomba msomaji asome polepole. Sehemu ya hikama inayoliwa ni kiazi peke yake. Mbegu zake, maganda yaliyokomaa na majani yana rotenoni, sumu inayoua wadudu na samaki. Watu wa pwani na wa maziwa wanaoujua utupa, ule mmea unaopondwa na kutiwa majini ili samaki waelee, wataelewa haraka: sumu ya utupa ni ya ukoo huohuo.

Mbegu za hikama zinafanana na maharage. Madaktari wa Thailand na Taiwan wameandika kuhusu wagonjwa waliozipika wakidhani ni kunde za kawaida na kufikishwa hospitali, wengine wakapoteza maisha. Kwa hiyo mbegu zisihifadhiwe jikoni, ziwekwe kwenye chombo chenye alama, mbali na watoto. Mbuzi na kuku wasipelekwe shambani kula mabaki. Na anayefikiria kuzisaga atumie kama dawa ya kuulia wadudu ajue kwamba sumu haijui tofauti ya mdudu na samaki wa bwawani, wala haimhurumii mpulizaji asiye na kinga.

Kiazi chenyewe hakina tatizo. Takriban asilimia 90 yake ni maji. Gramu 100 zina kalori 38 tu na kama miligramu 20 za vitamini C. Kina inulini, aina ya wanga ambayo utumbo mdogo hauisagi. Ganda la kahawia huchunwa kwa kisu, nyama nyeupe hukatwa vipande na kuliwa, nayo hukatika mdomoni mithili ya tufaha bichi. Mitaani Meksiko huuzwa ikiwa imekamuliwa ndimu na kunyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga, kama vile maembe mabichi yanavyouzwa Dar es Salaam na Mombasa. Katika jimbo la Jalisco huchanganywa na vipande vya chungwa. Wahispania waliipeleka Ufilipino kwa merikebu zilizosafiri kati ya Acapulco na Manila, na kutoka huko ikasambaa Asia. Leo Waindonesia huiita bengkuang, nao huitia kwenye saladi ya matunda yenye mchuzi wa karanga na pilipili.

Wala si kwamba Afrika haijaijaribu. Mwaka 2009 Kituo cha Kimataifa cha Viazi (CIP), chenye makao makuu Lima, Peru, kilianzisha kwa fedha za Ubelgiji mradi wa kujaribu hikama na ndugu zake katika Benin, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Rwanda na Uganda. Ndugu hao ni pamoja na aina za Peru zenye maji kidogo, ambazo hupikwa kama muhogo. Kwa mkulima wetu aina hizo huenda zikawa na maana zaidi kuliko hikama ya kutafuna, kwa sababu chakula cha kupika na unga vina soko ambalo tayari lipo.

Chenza lisilo na mbegu

Klementini ni habari nyingine. Ilionekana mwishoni mwa karne ya 19 katika bustani ya kituo cha yatima cha Misserghin, karibu na mji wa Oran, Algeria, iliyokuwa ikitunzwa na mtawa Mfaransa, Bruda Clément Rodier. Mwaka 1902 mtaalamu wa mimea Louis Trabut aliitangaza na kuipa jina la mtawa huyo. Uchunguzi wa vinasaba umethibitisha kwamba ni mtoto wa chenza la Mediterania na chungwa tamu. Aina inayoongoza Hispania, iitwayo Clemenules, iligunduliwa mwaka 1953 huko Nules, mkoa wa Castellón.

Historia hiyo inamhusu mkulima kwa sababu moja. Mbegu nyingi za machungwa na machenza huotesha mche unaofanana na mama yake. Mbegu ya klementini, ikipatikana, haifanyi hivyo. Ukila tunda la dukani, ukaona punje moja ukaipanda, utapata mti usioujua, na utasubiri miaka kadhaa kuujua. Klementini hupatikana kwa kubebesha jicho kutoka mti mama uliothibitishwa kwenye shina la mchungwa au mlimao unaovumilia magonjwa. Mche wa namna hiyo huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, na mavuno ya kutegemewa huja kati ya mwaka wa sita na wa nane.

Kwa nafasi ya mita tano kwa tano, ekari huchukua miti kama 160. Mti hutaka udongo wenye kina usiotuamisha maji, uchachu wa pH kati ya 5.5 na 6.5, na mvua ya milimita 900 hadi 1,200 iliyotawanyika vizuri au umwagiliaji. Tofauti na hikama, hula mbolea kila mwaka. Mizizi yake mingi iko juujuu, hivyo jembe lisizame karibu na shina, na magugu yafyekwe badala ya kulimwa.

Tunda huchumwa kwa mkasi. Ukilivuta kwa mkono, ganda huchanika penye kikonyo na kesho yake limeota ukungu. Likichumwa vizuri na kuwekwa kwenye nyuzi joto kati ya 5 na 8, hukaa wiki mbili hadi sita.

Nyuki ni rafiki, lakini si hapa

Mkulima amezoea kuambiwa kwamba nyuki huongeza mavuno. Kwa klementini kisa hugeuka. Ua lake haliwezi kujichavusha, lakini tunda hukua hata bila uchavushaji, na hapo ndipo linapokosa mbegu. Nyuki akitoka kwenye aina nyingine ya chenza jirani akatua kwenye klementini, tunda hujaa mbegu na bei huporomoka.

Jambo hili limezua ugomvi wa kweli. Huko Valencia, Hispania, serikali ya mkoa ilifikia hatua ya kuzuia mizinga isikae karibu na mashamba ya machungwa wakati wa maua. California nako wenye michenza na wafugaji wa nyuki walivutana katika miaka ya 2000, na baadhi ya wakulima sasa hufunika miti kwa nyavu wakati wa kuchanua. Kwetu, ambako ekari moja huwa na mchungwa, mchenza, mlimao na mzinga wa jirani juu ya mwembe, kutarajia klementini isiyo na mbegu kabisa ni kujidanganya, labda zao lipandwe peke yake kwa wingi na mbali na jamii zake.

Rangi nayo ina mambo yake. Ganda la klementini hugeuka rangi ya chungwa kwa sababu ya usiku wa baridi. Kwenye joto la pwani tunda huiva huku ganda likibaki kijani au manjano hafifu, kama machungwa ya Muheza ambayo mlaji wa Dar es Salaam huyanunua bila kulalamika. Mnunuzi wa nje, ambaye hununua kwa macho, huyakataa. Hispania huyaweka matunda ya mwanzo wa msimu kwenye vyumba vya gesi ya ethilini ili yabadilike rangi, teknolojia ambayo mkulima mmoja mmoja haiwezi.

Basi mtu atasema, tupande milimani kwenye baridi. Tatizo ni kwamba ugonjwa wa machungwa unaogeuza majani kuwa ya njano na matunda kuwa madogo, machungu na yaliyopinda, katika aina yake ya Kiafrika, hustawi hukohuko kwenye ubaridi, kuanzia mwinuko wa takriban mita 900. Huenezwa na mdudu mdogo anayefyonza utomvu na kuacha vijivimbe juu ya majani machanga. Aina ya Kiasia ya ugonjwa huohuo huvumilia joto, na mdudu wake aliripotiwa Tanzania mwaka 2016 baada ya kuonekana Morogoro, kisha Kenya. Kwa hiyo hata mabonde hayako salama tena.

Anayedhani tunatia chumvi aitazame Florida, Marekani. Ugonjwa huo ulionekana huko mwaka 2005. Msimu wa 2003/04 jimbo hilo lilikuwa limevuna masanduku ya machungwa milioni 242. Msimu wa 2022/23 halikufikisha milioni 20. Hauna dawa. Mti ulioambukizwa hung'olewa. Ndiyo sababu vikonyo na miche havipaswi kuingizwa nchini kwenye mabegi ya safari. Kwa Tanzania ruhusa hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na kwa Kenya ni KEPHIS.

Nani atanunua?

Klementini ina faida moja kubwa: kila mtu anajua namna ya kula chenza. Gramu 100 zina kalori 47 na karibu miligramu 49 za vitamini C, ganda hutoka kwa vidole, na mtoto hula bila kisu. Maganda hutengenezwa jemu na pipi. Huko Corsica, Ufaransa, klementini huuzwa zikiwa na majani mawili matatu kwenye kikonyo kama ushahidi kwamba ni mpya, nazo zimelindwa kwa nembo ya asili tangu mwaka 2007. Mchuuzi wa hapa anaweza kuiga kwa soko la mjini, lakini anayefikiria kuuza Ulaya ajue kuwa sheria za Umoja wa Ulaya zinataka matunda jamii ya machungwa kutoka nje yasiwe na majani wala vikonyo.

Masoko ya nje yana ukali wake. Mwishoni mwa mwaka 2001 Marekani ilisimamisha klementini za Hispania baada ya mabuu hai wa nzi wa matunda kukutwa ndani yake. Soko lilifunguliwa tena mwishoni mwa 2002 kwa masharti ya kuyaweka matunda kwenye baridi siku nyingi zaidi. Afrika Mashariki tuna nzi wa matunda wa Kiasia tangu 2003, alipoonekana pwani ya Kenya. Mitego na kufukia matunda yaliyoanguka ni sehemu ya gharama, hata kwa anayeuza Kariakoo tu.

Kwa hikama, soko ni la kutengeneza. Wateja wa kwanza ni hoteli, mikahawa ya Kichina na ya Kihindi inayopenda mboga za kukatika mdomoni, na wageni kutoka Asia na Amerika wanaoijua tangu utotoni. Baada yao ni wauza matunda ya kukata barabarani. Wengi wa hao hununua kilo, si tani. Tumeshuhudia vanila ya Uganda ikipanda bei sana mwaka 2003 kisha ikaporomoka, mbono ulivyohubiriwa miaka ileile ya 2000, na mayai ya kware Kenya mwaka 2014. Katika visa hivyo waliouza mbegu na vifaranga walilipwa kwanza. Anayekuuzia mbegu za hikama leo muulize kama yeye atanunua kiazi, na kwa bei gani, kwa maandishi.

Kwa maoni yetu, mkulima asiye na mnunuzi aanze na kipande cha mita 10 kwa 10. Hiyo ni mimea 600 na zaidi, inatosha kuonjesha soko zima la mji mdogo.

Lipo pia suala la ardhi. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mwenye shamba humkataza mpangaji kupanda mti wa kudumu, maana mti huonekana kama madai ya umiliki. Mjane anayelima kwa hisani ya shemeji zake na kijana aliyekodi kwa msimu mmoja wanalijua hili kuliko mtaalamu yeyote. Kwao klementini haipo kwenye orodha, hata ingekuwa na faida maradufu. Hikama inaingia na kutoka kabla mkataba haujaisha.

Mwenye ardhi yake mwenyewe anaweza kuyafanya yote mawili. Miaka mitatu ya mwanzo nafasi kati ya miti ya klementini huwa wazi, na watu wengi huijaza kunde, karanga au mboga. Hikama inaweza kukaa hapo pia, kwa mistari miwili au mitatu katikati, angalau mita moja na nusu kutoka kila shina ili uchimbaji usikate mizizi ya mti. Iwekewe miti mifupi ya kutambalia au ikatwe ncha, kwa kuwa ikiachwa itaparamia klementini changa na kuifunika. Mwaka wa nne, vivuli vikianza kukutana, hikama itolewe na nafasi iachwe kwa ajili ya kupitisha ngazi na matenga.